Mtoto aliyebaki chini ya mwarobaini

MUULIZE SHANGAZI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 38, naishi Tanga mjini. Nakuandikia nikiwa zamu ya usiku, wodi imetulia, naandika nyuma ya karatasi za chati zilizoharibika.

Baba yangu ni Mwislamu, Mdigo wa Mkinga. Mama ni Mbondei, Mwanglikana wa Magila. Hawakuwahi kuoana. Hadi darasa la nne nililelewa na bibi mzaa mama, Muheza, kisha baba akanichukua. Kwa bibi nilikwenda kanisani kila Jumapili, kanisa lenye moshi na kengele. Kwa baba nilipelekwa chuoni kwa maalimu mpaka nikamaliza juzuu Amma. Na bibi huyo huyo mshika ibada, kila kabla ya kupanda mahindi alikuwa akimwaga unga wa mtama kwenye kaburi la babu. Nilimwuliza siku moja kama padri anajua. Akanijibu, “Padri hakumjua babu yako.”

Nilipokuwa nasomea uuguzi Dar es Salaam, rafiki yangu alinipeleka kwenye hekalu la Wabudha la Upanga. Mtawa mmoja kutoka Sri Lanka alitufundisha kukaa kimya na kuhesabu pumzi. Sijaacha hadi leo. Kabla ya zamu nakaa dakika 10 kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nahesabu.

Basi imani yangu imekaa hivi. Ramadhani nafunga siku ninazoweza. Ijumaa Kuu na Krismasi naenda kanisani. Zaburi nasoma kabla ya kulala. Nguruwe sili, pombe sinywi. Alhamisi jioni nafukiza ubani nyumba nzima. Mgonjwa wangu akiwa anaelekea na ndugu hawapo, kama ni Mwislamu namtamkishia shahada sikioni, kama ni Mkristo namsomea “Bwana ndiye mchungaji wangu”. Siigizi, Shangazi. Yote mawili natamka kwa moyo. Mungu ni mmoja, na Kurani yenyewe inasema, “Nyinyi mna dini yenu, nami nina dini yangu.” Yangu ndiyo hii. Kaka yangu wa kwa baba ananiita Achari.

Miaka yote hii haikunisumbua. Sasa binti yangu, ana miaka 9, amehamia shule mpya. Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza “Dini/Dhehebu”. Nikapaacha wazi. Ijumaa, kipindi cha dini kilipofika, Waislamu wakaingia chumba kimoja, Wakatoliki kingine, Walutheri na Waanglikana kingine. Yeye akabaki uwanjani chini ya mwarobaini. Mwalimu wa zamu akampa fagio. Jioni akaniuliza, “Mama, kwani sisi ni nani?” Mume wangu ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, tulifunga ndoa bomani, anasema niamue mimi.

Je, ni vibaya mtu kuwa na imani aliyoichuma huku na huku? Na mtoto nimwambie nini?

Mama wa Mwarobaini, Tanga


Marahaba mwanangu.

Nianze na fagio, maana ndilo lililonikera kuliko yote. Nimefundisha jiografia miaka 31, nimekuwa mwalimu wa zamu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, na mtoto ambaye hana chumba cha kuingia kipindi cha dini si mtoro. Nenda wiki hii ukamwone mwalimu mkuu. Usiende kwa ukali. Mwombe tu binti akae nyuma ya chumba chochote na daftari lake la hesabu, hadi mtakapojaza ile fomu. Hilo halihitaji falsafa.

Sasa ujue anayekujibu ni nani. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Pangani, swala tano nazisali. Nilipokuwa Tabora niliishi nyumba moja ya walimu na dada Mkatoliki, na kwa Ramadhani 6 mfululizo yeye ndiye aliyeniamsha kula daku, kwa kuwa saa ya kengele ilikuwa yake. Akishaniamsha alirudi kulala huku akilalamika. Kwa hiyo usinitegemee nikuogopeshe na moto, lakini pia usitegemee nikuambie dini zote ni kitu kimoja. Shehe wa mtaani kwangu angekuambia unachanganya. Padri wa Magila angekuambia vivyo hivyo. Hapo wanaelewana vizuri.

Na ile aya uliyoninukulia, nakuomba uirudie. Ni ya mwisho katika sura ya Al-Kafirun, ambayo uliihifadhi katika hiyo hiyo juzuu Amma. Watu wengi siku hizi wanaitumia kama ulivyoitumia wewe, kana kwamba maana yake ni “kila mtu na lake”. Lakini wafasiri wanasimulia kwamba wakubwa wa Makka walimwendea Mtume na pendekezo: tuabudu kwa zamu, mwaka huu miungu yetu, mwaka ujao Mungu wako. Sura ile ndiyo jibu, na jibu ni hapana. Yaani umechukua aya inayokataa kuabudu kwa zamu ukaitumia kutetea kuabudu kwa zamu. Maalimu wako angekutazama juu ya miwani.

Haya, nimemaliza ukali. Sasa nikupe haki yako.

Huo ubani unaoufukiza Alhamisi ni utomvu wa mti unaoota Dhufar kule Oman, na kaskazini mwa Somalia. Wanauchanja mti, unatoa machozi, machozi yanakauka. Majahazi yameuleta kwetu tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Sisi tukiuweka kwenye chetezo siku ya maulidi tunauita ubani. Kanisani kwa bibi yako wanauita uvumba, maana ndivyo Biblia ya Kiswahili ilivyoandika zawadi za mamajusi: dhahabu na uvumba na manemane. Mganga naye anao, kwenye kigae cha chungu, na hajali unaitwaje. Nilikuwa na mwanafunzi, mtoto wa shemasi, aliyenitembelea jioni moja nimefukiza, akasimama mlangoni akasema, “Mwalimu, nyumba yako inanuka kanisa.” Marehemu mume wangu alicheka hadi akakohoa. Kwa hiyo anayesema watu wa pwani yetu hawachanganyi, huyo hana pua.

Na bibi yako, mwanangu, alichanganya kuliko wewe. Misa, unga wa mtama, na nina hakika kulikuwa na hirizi mahali fulani ambayo hukuonyeshwa. Lakini hakuna mtu Muheza nzima aliyekuwa na shaka bibi huyo ni wa wapi. Angekufa usiku, asubuhi kengele ya kanisa ingemlilia, na akina mama wa kanisa wangekuwa jikoni kwake kabla jua halijapanda.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu neno ubani lina maana ya pili. Tunasema “nimekwenda kutoa ubani” tukiwa na maana ya ile pesa tunayompa mfiwa. Umenieleza habari nyingi za ubani ule wa kwanza. Huu wa pili hukuutaja hata mara moja.

Nilikuwa na mjomba. Miaka ya 1940, ukitaka shule nzuri ulikwenda ya misheni, na wengi walibatizwa ili wapate nafasi. Mjomba akabatizwa. Darasani alikuwa na jina moja, nyumbani jingine, na yote mawili aliyaitikia hadi uzeeni. Alikuwa mtu mwema, mtulivu, alipenda kusema Mungu hana kitambulisho. Idi alikuja kwetu na kanzu, Krismasi alionekana kanisani na koti. Sote tulimpenda hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Akafa mwaka 1983, mwezi wa masika, bila kuandika hata mstari mmoja. Saa nne asubuhi upande mmoja umeleta sanda, upande wa pili umeleta jeneza. Sikufichi, ilikuwa aibu. Watu wazima walisukumana barazani maiti ikiwa ndani. Mwisho mzee mmoja jirani, si wa upande wowote katika ugomvi ule, akauliza: “Nani hapa aliyemwona akisali mara ya mwisho, na alikuwa anasali vipi?” Baraza zima likanyamaza. Si mke, si watoto, si mimi niliyekuwa nakunywa naye kahawa kila Jumamosi. Hakuna aliyejua.

Alizikwa upande wetu, na unajua kwa nini? Vijana wa msikitini walikuwa wameshachimba kaburi na wingu lilikuwa limefunga. Ndiyo sababu yote. Mvua ingechelewa saa mbili angezikwa na kanisa. Miaka hii yote sijalia kwa sababu ya kaburi, maana kaburi ni kaburi. Ninachokilia ni ule ukimya wa barazani.

Mirathi ndiyo ilikuwa kichekesho kingine. Tanzania Bara, mtu akifa bila wosia, mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani na alikusudia nini, ndipo iamue mali igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, kwa mila, au kwa ile sheria ya zamani ya urithi ya India ya mwaka 1865. Sasa mtu aliyevaa kanzu Idi na koti Krismasi, utasema aliishi vipi? Shamba la minazi lilikaa miaka 7 bila mwenyewe, nazi zinaibwa. Kwa hiyo nakushauri kama mama mtu mzima: andika wosia. Eleza humo nani akuoshe, nani akusomee, uzikwe wapi, na mpe nakala mtu mmoja unayemwamini. Katiba yetu inakupa uhuru wa kuamini unachoamini na hata wa kubadilisha, hilo halina mjadala. Ila sijaona ibara inayosema nani atabeba jeneza.

Umeuliza kama ni vibaya. Mimi sikuoni mbaya. Nakuona mpweke, na wewe mwenyewe hujagundua.

Wako waliojaribu kabla yako wakiwa na uwezo mkubwa zaidi. Mfalme Akbar wa India alijenga jumba la mijadala katika mji wake wa Fatehpur Sikri mwaka 1575. Akaita masheikh, akaita Wahindu na Wajaini, akaita waabudu wa Zoroasta, akaita mapadri Wajesuti kutoka Goa, wakabishana mbele yake hadi usiku. Mwaka 1582 akatengeneza njia yake mwenyewe, ya kuchuma huku na huku kama yako. Walioingia ni watu wachache wa barazani kwake. Alipofariki mwaka 1605, njia ile haikuendelea. Na huyo alikuwa mfalme mwenye jeshi na hazina, si muuguzi mwenye zamu za usiku.

Miaka mingi kabla yake, huko huko upande wa Punjab, kulikuwa na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Makalasinga, aliyezaliwa mwaka 1469. Makalasinga hawapendi kuambiwa dini yao ni mchanganyiko, na wana haki, ni dini kamili yenye misingi yake. Lakini ndani ya kitabu chao kitakatifu zimo tenzi za Kabir mfumaji na za Sheikh Farid, Mwislamu wa Kisufi, pembeni ya zile za maguru wao. Hiyo haikufa. Mimi naona sababu moja, na nimeiona kwa macho. Ukisafiri kutoka Mombasa kwenda Nairobi utapita Makindu, kuna hekalu walilojenga Makalasinga wa reli mwaka 1926. Basi letu liliharibika karibu na hapo. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukapewa dengu na chapati na chai, abiria wote, bila kuulizwa dini wala senti. Jirani yangu kwenye mkeka alikuwa kondakta wetu, yule aliyekuwa ametutukana tangu Voi. Akbar alijenga jumba la kubishana. Hawa walijenga jiko, na mtu akishaosha sahani za wenzake mara kadhaa wanamjua jina.

Najua kuna wasomaji wataniandikia kwamba ningekuelekeza kwa Wabahai, wanaoamini kwamba dini kubwa zote zimetoka kwa Mungu mmoja, na ambao wana lile hekalu la pande 9 Kampala, lililofunguliwa mwaka 1961. Ukitaka, nenda ukawasikilize. Lakini usiende ukidhani ni kapu la kila kitu. Nao wana mjumbe wao, Bahá'u'lláh, wana vitabu vyao, pombe marufuku, na kila Machi wanafunga siku 19. Wanafunga zote, si zile wanazoziweza.

Ndiyo, maneno hayo yako nimeyarudia makusudi. “Siku ninazoweza.” Nina kisukari tangu mwaka 2011, daktari amenikataza kufunga. Kwa kila siku ya Ramadhani nisiyofunga nalisha maskini mmoja, na kuna mwezi pensheni imechelewa hadi nikauza kuku. Sikupenda. Ningekuwa nimejitungia mimi ile sheria, siku ile ningeifuta. Wewe, ukikosa siku 12, nani anakudai? Sikulaumu, nauliza tu, nawe ujibu ukiwa kwenye kile chumba cha kubadilishia nguo.

Lakini kuna kitu katika barua yako ambacho umekitaja kwa kupita, nami nilikisoma nikaweka barua chini. Unamtamkishia shahada Mwislamu, unamsomea Mkristo Zaburi. Saa tisa usiku, ndugu hawapo. Mwanangu, hilo shehe wangu hawezi, na padri hawezi. Aliyekupa ni baba yako kwa upande mmoja na bibi yako kwa upande mwingine, na hiyo hesabu ya pumzi ndiyo inayokuwezesha kurudi kesho yake. Hayo mengine, za Alhamisi na za Krismasi, mimi nayaona mapambo, ukitaka yaache, ukitaka endelea nayo. Ila hilo la kitandani lina mwenye kukudai: mgonjwa. Hilo usiliache, na kaka yako mwenye achari mwambie Shangazi amesema siku yake ikifika atafurahi kukukuta zamu.

Sasa mtoto.

Umeniandikia karatasi mbili. Mume wako yumo kwenye mstari mmoja. “Anasema niamue mimi.” Mwanamume akisema hivyo mara nyingi ana maana kwamba amechoka kuulizwa wakati jibu limeshaandaliwa. Kaa naye, mtoto akiwa amelala, na umwulize alivyokuwa mtoto alikwenda na nani kanisani. Usimwulize anaamini nini, hatajibu. Mwulize alikwenda na nani, alikaa benchi gani, walikula nini wakirudi. Utashangaa.

Kisha msimchagulie binti dini kwenye karatasi. Mchagulieni mtu. Miaka 9, mtoto hafuati mafundisho, anafuata mkono ulioshika wake. Kama mama yako bado anakwenda kanisani kila Jumapili na ana nguvu za kutembea na mjukuu, huyo ni mtu. Kama baba yako anaamka alfajiri na angependa mjukuu wa kumkalisha kwenye mkeka, huyo naye ni mtu. Kama ni baba wa mtoto mwenyewe ambaye akianza kwenda na binti yake huenda akaanza kwenda hata isipokuwa Pasaka, basi bora zaidi. Yule ambaye atakuwa pale Ijumaa jioni kumwuliza “leo mmejifunza nini”, chumba chake ndicho chumba cha mtoto. Moyo wangu unanivuta upande wangu, nakiri, nimeufunga mdomo.

Akikuuliza tena “sisi ni nani”, usimpe hotuba ya njia nyingi na Mungu mmoja. Mwambie kwa majina: babu yako anasali hivi, bibi yako hivi, baba yako hivi, na mimi nasali hivi, njoo uone. Halafu umwonyeshe kweli. Mkalishe pembeni yako hizo dakika 10, ahesabu pumzi nawe. Msomee ile Zaburi. Akiwa na miaka 17 atakuja kukubishia, na utakuwa na cha kubishiwa.

Na mpeleke Muheza kwenye kaburi la babu yako, kabla ya masika, na unga.

Kuhusu fomu: jaza kwa penseli. Mwalimu wa darasa akikuuliza, mwambie utarudi na kalamu muhula ujao. Nimezipokea nyingi za namna hiyo, nilikuwa nazihifadhi kwenye droo ya chini, na hakuna mkaguzi aliyewahi kufika huko.

Shangazi